Shamba Lililochoka na Zizi Lake

Karibu kila wilaya ya nchi yetu ina shamba la namna hii. Mzee aliyelilima amefariki au ameishiwa nguvu. Matuta yamebomoka, udongo mwekundu wa chini umetokeza juu, na mahindi yaliyokuwa yakijaza ghala sasa hayafikishi nyumba kwenye mavuno mengine. Zizini wamesimama ng'ombe wanne au watano, mbavu zao zahesabika, wakingoja mtu wa kuwafungulia. Hutokea basi mmoja wa watoto akarudi kutoka mjini pamoja na mkewe, wakakata shauri kulifufua shamba la baba. Na swali la kwanza watakaloulizwa na ndugu na majirani ni hili: Mifugo hii mtaifanyaje?

Majibu mawili husikika upesi. Wengine husema: Iuzeni yote, maana ndiyo iliyolimaliza shamba. Wengine husema: Iacheni ijitafutie malisho kama zamani, maana ng'ombe ni mali, na mali haifukuzwi. Jibu la kwanza huipokonya nyumba maziwa na samadi. Jibu la pili humalizia udongo uliobaki. Twapenda leo kuonyesha njia ya tatu: kwamba udongo na mnyama wanaugua ugonjwa mmoja, na kwa hiyo sharti watibiwe pamoja, kila mmoja kwa dawa itokayo kwa mwenzake.

UGONJWA WENYEWE

Kila gunia linalotoka shambani huondoka na sehemu ya rutuba. Kama hakuna kinachorudishwa, udongo hufanana na mfuko wa fedha unaotolewa daima bila kutiwa. Mazao yakipungua, mabua hupungua pia. Mabua yakipungua, ng'ombe hukosa chakula cha kiangazi, hutembea mbali, hula nyasi mpaka kwenye mizizi, na kwato zao hukanyaga ardhi iliyo wazi ikawa ngumu kama sakafu. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hayapati pa kuingia. Hukimbia mteremkoni yakibeba udongo mzuri, na kuchimba korongo. Na ile samadi, ambayo ingeweza kuponya, imeangushwa njiani na kukauka juani.

Hivi ndivyo ng'ombe aliyekonda na shamba lililokonda wanavyozidi kudhoofishana. Lakini mambo yaliyoharibikiana kwa mzunguko huweza pia kuponyana kwa mzunguko, ikiwa mtu ataugeuza. Tutazame mahali patatu hapa Tanzania palipojaribu.

KONDOA: MIFUGO ILIPOONDOLEWA

Milima ya Irangi, wilayani Kondoa, ilijulikana kwa muda mrefu kwa makorongo yake ya kutisha. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO. Mwaka 1979 ikaamuriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, lenye kilometa za mraba 1,256 hivi. Wanyama wapatao 90,000 walihamishwa.

Nchi ikaitikia. Nyasi na miti ilirudi yenyewe mahali pengi, na mchanga uliokuwa ukimiminika kutoka vilimani ukapungua. Asiwepo basi mtu wa kubisha kwamba ardhi ikipumzishwa hupona. Walakini nyumba nyingi zilikosa maziwa na samadi kwa pamoja, na wanyama waliohamishwa walikwenda kula malisho ya mahali pengine. Ilipofika mwaka 1989 likachukuliwa shauri jingine: ng'ombe wachache walianza kurudishwa kwa sharti la kufungwa bandani na kuletewa majani, wasizurure tena vilimani. Mafundisho ya Kondoa ni mawili: udongo huhitaji kupumzika na kwato, na nyumba ya mkulima haiwezi kukaa daima bila mnyama.

SHINYANGA: MALISHO YALIPOPEWA ZAMU

Huko Usukumani wazee walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, wala mnyama haingii. Nyasi humea, hukomaa na kukaukia pale pale. Kiangazi kinapokaza ndipo ngitili hufunguliwa, na wanaotangulizwa ni ndama, maksai wa kulimia, na wanyama wazee au wagonjwa. Desturi hii ilikuwa imefifia sana, na nchi imekuwa kama jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao haukuleta dawa ngeni: uliwasaidia wananchi kuirudia ngitili yao. Hekta za ngitili zilizohesabiwa mwanzoni zilikuwa 600 hivi; miaka ya 2000 ilipoanza, zilikuwa zimepita 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa.

Tazameni hekima iliyomo. Pale pale paliposhindwa kulisha ndipo palipofungwa ili palishe. Aliyeona nyasi mbichi mwezi wa Februari akamzuia ng'ombe wake asiingie, alimwonea huruma ng'ombe huyo huyo wa mwezi wa Septemba.

UKARA: MNYAMA NDANI YA NYUMBA

Katika Ziwa Viktoria, kaskazini ya Ukerewe, kiko kisiwa kidogo cha Ukara. Udongo wake ni wa kichanga, na watu ni wengi tangu zamani. Mahali pengine hali kama hiyo ingeleta njaa na kuhama. Wakara walichagua kazi. Ng'ombe waliwekwa ndani ya nyumba, katika shimo maalum, wakakatiwa majani na kuletewa. Takataka za majani zilichanganyika na kinyesi na mkojo, ikawa samadi, nayo ikabebwa mpaka shambani. Uwele ulipandwa pamoja na mimea ya jamii ya marejea, ambayo baadaye ilifukiwa ardhini kuilisha. Majani ya ng'ombe nayo yalioteshwa makusudi katika mashimo karibu na ziwa. Haya yote yalifanyika kabla hajafika mtaalamu yeyote kuwafundisha. Basi, asiseme mtu kwamba kumfungia ng'ombe bandani ni mambo ya kizungu yasiyotufaa.

KAZI KWA UTARATIBU

Sasa tuwarudie mtu wetu na mkewe. Kosa la wengi ni kuanza na kazi inayopendeza macho, kama vile kununua ng'ombe wa kisasa, kabla ya kuotesha hata jani moja. Utaratibu ulio salama ni huu.

Kwanza, lizungukieni shamba mvua inaponyesha. Maji yenyewe yatawaonyesha yanapoanzia kukimbia. Anzeni kuyazuia juu, mahali yalipo madogo, wala si chini ambako yamekwisha kuwa mto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayeanza na mdomo wa korongo atajenga kuta nyingi bure.

Pili, pimeni matuta kwa kuyakingamiza na mteremko. Kipimo chake hakihitaji fedha. Fungeni miti miwili iliyonyoka iwe na umbo la herufi A, fungeni wa tatu katikati, na kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe iwe timazi. Kwanza isimamisheni mahali palipo sawa na kutia alama kwenye mti wa katikati pale kamba inapogusa. Halafu tembeeni nayo shambani: kamba ikitulia kwenye alama, miguu yote miwili imesimama kimo kimoja. Pigeni mambo hapo, na kuendelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Tatu, juu ya matuta pandeni majani ya tembo, ambayo wengine huyaita mabingobingo. Mizizi yake hushika udongo, na majani yake hulisha. Yaacheni kama miezi mitatu kabla ya kuyakata mara ya kwanza. Baadaye yaweza kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Visiki vinavyochipua msiving'oe. Chagueni machipukizi machache yaliyo imara, mkate mengine, na miti itarudi bila gharama ya miche.

Nne, majani yakiwa tayari, na si kabla, jengeni banda. Liwe na paa, sakafu kavu yenye mteremko kidogo, hori la majani na chombo cha maji. Mnyama aliyefungwa hawezi kujitafutia. Tangu siku ile uhai wake uko mikononi mwenu.

HESABU ISIYOPENDWA

Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 300 ahitaji kiasi cha kilo 30 hadi 40 za majani mabichi kila siku. Watano wahitaji kilo 150 au zaidi, nazo sharti zikatwe na kubebwa na mtu. Yafaa basi kuhesabu majani kwanza, ndipo wahesabiwe ng'ombe. Kama shamba laweza kulisha wawili tu mwaka huu, wale watatu wauzwe wangali na nyama, na fedha yao ijenge banda. Twajua shauri hili ni chungu. Ng'ombe kwetu ni akiba, ni mahari, ni heshima ya mzee aliyewaacha. Lakini kuwabakiza watano wafe kwa njaa mmoja mmoja kiangazi si kumheshimu marehemu. Wala mnyama mgonjwa asipelekwe mnadani kama mzima. Huko ni kumwibia jirani na kumpelekea ugonjwa nyumbani.

Upande wa pili wa hesabu hufariji. Ng'ombe huyo huyo hutoa kiasi cha kilo 15 za kinyesi kwa siku, yaani zaidi ya tani tano kwa mwaka. Azururapo, sehemu kubwa hupotea. Akiwa bandani, yote hubaki. Ikusanyeni pamoja na majani yaliyolowa mkojo, maana rutuba nyingi imo humo. Ifunikeni isipigwe na jua wala kuoshwa na mvua, igeuzeni, na baada ya miezi mitatu hivi ipelekeni shambani. Msiitawanye kidogo kidogo kila mahali. Chagueni kipande kimoja na kukishibisha, mwaka wa pili kingine. Andikeni yote, maana mali bila daftari huisha bila habari.

MNYAMA SI CHOMBO

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, amri ya kuipumzisha ardhi mwaka wa saba imefuatana na amri ya kumpumzisha ng'ombe na punda siku ya saba. Ardhi na mnyama wamewekwa pamoja katika sheria moja, na si ajabu. Basi ndama apate dang'a, yale maziwa ya kwanza, katika saa za mwanzo za maisha yake, kabla ya kufikiri maziwa ya kuuza. Maana humo mna kinga yake. Kupe waondolewe na kuogeshwa kusikosewe, kwa sababu ndigana kali huletwa nao. Maksai mwenye kidonda shingoni asifungwe nira. Na mnyama akifa ghafula, damu ikamtoka puani au mdomoni, msimchune wala kumla: yaweza kuwa kimeta, kinachoua watu pia, na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi. Mwiteni bwana mifugo.

Neno moja zaidi kwa akina baba. Mnyama akifungwa bandani, kazi haipungui. Huhama tu kutoka miguu ya mchungaji kwenda kichwani mwa mbebaji. Zile kilo 30 za majani na ndoo za maji zisiwe mzigo wa mama na watoto peke yao, huku fedha ya maziwa ikiwa ya baba peke yake. Banda la namna hiyo halidumu. Gawanyeni kazi, gawanyeni na pato, na watoto waende shule kwanza.

Mwaka wa kwanza jirani hataona kitu ila matuta na majani, huenda akacheka. Mwaka wa pili ataona kipande kimoja cha mahindi kilicho kibichi kuliko vingine. Huenda mwaka wa tatu akaja kuomba vipando vya mabingobingo. Mpeni bila kumwuzia, na mwonyesheni namna ya kuifunga ile miti mitatu. Kwa maana maji yanayokimbia shambani mwake, kesho yatapita shambani mwenu.