Kuwatambua Watoto wa Samaki

Mwenye bwawa anayechota watoto wa samaki mtoni hana budi kuwatazama kwanza, kwa maana wakiwa wadogo wote hufanana. Akimtia kambare kati ya watoto wa ngege, kambare atakua na kuwala wenzake, na jasho la kuchimba bwawa litapotea bure.

Na awatie katika bakuli jeupe lenye maji, awatazame kwa kioo cha kukuzia. Aliyeanguliwa karibuni bado hubeba kiini cha yai tumboni, na mapezi yake hayajakamilika. Huyo afadhali angojewe siku chache.

Jamaa ya kambare hujulikana upesi. Kichwa chake ni kipana na bapa, ngozi haina magamba, na mdomo umezungukwa na sharubu nane. Pezi la mgongoni ni refu, lakaribia mkia, wala halina miiba. Wengi humdhania kiluwiluwi cha chura. Lakini hata kile cha chura wa majini kina sharubu mbili tu.

Ngege ana pezi moja mgongoni, mbele miiba, nyuma laini, na tundu moja tu la pua kila upande. Ningu, ambaye hupanda mto Nzoia wakati wa mvua, ana pezi fupi na mkia wa panda; sharubu za jamaa yake, zikiwapo, hazizidi nne.

Rangi isitegemewe, kwani hubadilika kwa tope la maji. Doa jeusi katika pezi la ngege mchanga ndilo pekee lenye kufaa.