Kumbikumbi: Chakula kwa Mmoja, Kinyaa kwa Mwingine

Mvua ya kwanza ikinyesha Kinango, jioni kumbikumbi hujaa kwenye taa. Nyumba moja hutoa beseni la maji kuwakusanya. Nyumba ya pili huzima taa na kufunga mlango. Mdudu ni yule yule, basi kinyaa hutoka wapi?

Mtoto anayetambaa hutia mdomoni chochote anachookota. Kinyaa hujifunza baadaye, kwa kutazama uso wa mamake. Kikishaingia hakisikilizi hoja. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Rozin, na wenzake waliwapa watu maji ya matunda yaliyochovywa kombamwiko mfu, aliyeuliwa vijidudu vyote. Watu waliyakataa, ijapokuwa hayakuwa na madhara.

Sisi wa Pwani hatuko mbali na jambo hili. Kamba tunaowanunua kwa bei ghali Shimoni na Msambweni wana gamba nje, miguu mingi na papasi, sawa na panzi. Bukoba, Tanzania, senene ni zawadi ya kumpa mgeni wa heshima. Magharibi mwa Kenya kumbikumbi huuzwa sokoni. Ripoti ya FAO ya 2013 ilikadiria kuwa watu bilioni 2 hivi duniani hula wadudu.

Suala hili lina uzito zaidi kwetu kwa sababu ya wakati. Kumbikumbi hutoka mvua inapoanza, ghala likiwa tupu na mahindi mapya hayajakomaa. Puma, Ndavaya na Samburu wanaijua miezi hiyo. Wana protini, mafuta na madini ya chuma, na hawanunuliwi. Mtoto anayechekwa na wenzake kwa kula sima na kumbikumbi ataacha kuvila, na nyumbani huenda hakuna kitoweo kingine. Asiyetaka asilazimishwe, lakini kumcheka anayekula ni kumnyima chakula.

Kinyaa na dini visichanganywe. Kwa Waislamu, nzige ametajwa wazi kuwa halali, pamoja na samaki. Wadudu wengine, wanavyuoni wengi, hasa wa madhehebu ya Shafi, hawawaruhusu. Muulize imamu wako. Kwa Wakristo, Biblia inasema Yohana Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu.

Hatari ya kweli haiko kwenye sura ya mdudu, iko mahali alikotoka. Usiokote wadudu kwenye shamba au kichaka kilichopuliziwa dawa. Mwaka 2020, nzige walipovamia sehemu nyingi za nchi, walipuliziwa sumu, na nzige wa namna hiyo hafai kuliwa, wala kupewa kuku. Usile pia mdudu uliyemkuta amekufa.

Kumbikumbi wapikwe usiku huo huo, kabla hawajaoza. Wapepete mbawa, waoshe, kisha wakaange kwenye sufuria kavu na chumvi. Mafuta yao wenyewe yanatosha. Wakibaki, waanike juani hadi wakauke kabisa. Ukishindwa kula, wape kuku, yeye hana kinyaa.

Anayedhurika na kamba au kaa asiwaonje kabisa, kwa kuwa mwili wake unaweza kuwakataa wadudu vilevile. Mtu akivimba midomo, akiwashwa mwili au akikosa pumzi baada ya kula, apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku usiku.