Kabla Hujafunga Begi: Kuchagua Chuo Ukiwa Nachingwea au Ruangwa

Matokeo yakitoka, kila mtu anakuwa mshauri. Mjomba anataka uwe daktari, na kwetu Wamwera mjomba ana kauli. Shangazi anapigia debe ualimu. Rafiki yako keshaamua kwenda Dar. Kozi ataijulia hukohuko. Wasikilize wote, halafu tulia na haya.

1. Anza na kozi. "Nataka kusoma Dar" si kozi. Jiulize Jumatatu asubuhi, miaka mitano ijayo, mkononi utakuwa umeshika nini: chaki, sindano, spana au daftari la mizani ghalani? Ukipata jibu, vyuo vinavyokufaa vitapungua vyenyewe.

2. Soma cheti chako bila kujihurumia. Kozi nyingi za vyuo vya kati zinataka ufaulu wa masomo manne kuanzia D, ya dini hayamo. Utabibu unadai Fizikia, Kemia na Baiolojia ziwe miongoni mwake. Kwa shahada, kima cha chini ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4.0. Yaani D mbili zinakuruhusu kubisha hodi. Kukaribishwa ni habari nyingine.

3. Tazama karibu kabla ya mbali. Nachingwea kuna Chuo cha Ualimu, Ruangwa kuna VETA. Ndanda na Nyangao wanafundisha uuguzi ubavuni mwa hospitali za misheni. Masasi kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kinachofaa hata kwa aliyekatiza sekondari. Ukipenda kilimo, Naliendele nje kidogo ya Mtwara kuna chuo cha kilimo, jirani na kituo kinachoongoza utafiti wa korosho nchini. Na usione haya kuanzia chuo cha kati: Majaliwa Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa, na Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, alipita chuo cha ualimu Mtwara kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

4. Pangilia ada kwa kalenda ya shamba. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Fedha ya ufuta huingia katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata, na minada ya korosho huanza kuchangamka Oktoba. Vyuo vingi navyo hufungua kati ya Septemba na Novemba, na mhasibu wa chuo hakijui chama chetu cha ushirika, RUNALI, wala stakabadhi ghalani. Binamu yangu aliondoka na nusu ya ada, nyingine ikisubiri korosho za baba. Mwaka ule mvua zilivuruga maua, korosho zikachelewa, na mitihani ya muhula ikamkuta hajamaliza kulipa. Kwa hiyo ufuta ukiuzwa, tenga awamu ya kwanza siku hiyohiyo, kabla bati jipya halijaanza kumwita mzee. Na kabla ya kuthibitisha nafasi, uliza chuo kinapokea ada kwa awamu ngapi.

5. Ada ni mwanzo tu. Piga hesabu ya nauli, godoro, sare, bima ya afya, chumba na wiki za fildi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwemo afya na kilimo. Ukitaka mkopo huo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, usingoje wiki ya mwisho.

6. Kagua usajili wa chuo, kisha wa kozi yenyewe. Chuo kinaweza kuwa halali huku kozi moja ikiwa haijaidhinishwa. Vyuo vya kati na vya ufundi viko chini ya NACTVET, vyuo vikuu chini ya TCU. Orodha zao ziko wazi kwenye simu yako. Kishoka anayetaka "hela ya nafasi" kwenye namba yake binafsi, mwache aendelee kusubiri.

7. Usisomee tetesi za mgodi. Ruangwa tumezungumza madini ya kinywe mpaka watoto wanalijua neno. Mgodi ukistawi utahitaji mafundi umeme, wachomeleaji, wahasibu na wauguzi, fani ambazo hata usipostawi zitakupa kazi Lindi au Mwanza. Wazee wa Nachingwea wanalijua hili: mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 kwa kishindo, ukafa 1951, na hata reli ya kwenda Mtwara ikaja kung'olewa.

8. Mpigie mwanafunzi wa mwaka wa pili. Muulize kama mashine za karakana zinawaka, kama fildi mnatafutiwa au kila mtu anajitafutia, na kama hosteli ya wasichana ina uzio na maji. Wa mwaka wa kwanza usimsumbue. Bado anasimulia sherehe ya kukaribishwa.