Somo la Sira: Suluhu ya Hudaybiya Ilikuwa Amani ya Nani?



Somo letu la mwaka huu linahusu neno tunalolitamka kila tukikutana. Ukiulizwa habari za asubuhi unajibu "salama", hata kama mfukoni huna nauli. Kiswahili kimepata kutoka Kiarabu maneno matatu ya jambo hili: amani, ambayo asili yake ni kutokuwa na hofu, salama, yaani kuwa mzima bila ya dhara, na suluhu, ambayo huja baada ya ugomvi. Watu huyachanganya, wala hatuwalaumu. Lakini watu wanaweza kuandikiana suluhu mchana, na mmoja wao akalala na hofu usiku huo huo. Ndivyo ilivyokuwa Hudaybiya.

Mwezi wa Dhulqaada mwaka wa 6 wa Hijra (628), Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya umra. Walivaa ihramu na kuswaga wanyama wa kuchinja, ili ijulikane kwamba hawaendi vitani. Makuraishi wakawazuia, nao wakapiga kambi Hudaybiya, nje ya Makka. Wajumbe wakaenda na kurudi, mpaka akaja Suhayl bin Amr kuandika mkataba.

Walikubaliana vita visimame kwa miaka 10. Waislamu warudi mwaka ule bila ya kuingia Makka, na mwaka unaofuata waingie kwa siku tatu, panga zikiwa alani. Makabila yawe huru kujiunga na upande yanaoutaka. Na atakayetoka Makka kumwendea Mtume bila ya idhini ya walii wake arudishwe, lakini atakayetoka kwa Waislamu kwenda kwa Makuraishi asirudishwe. Lisome tena sharti hilo la mwisho. Hata mtoto wa darasa la kwanza ataona limeegemea wapi.

Makuraishi walikuwa wafanyabiashara. Amani kwao ilikuwa msafara ufike Sham na urudi, na Waarabu wasije wakasema kwamba Muhammad ameingia Makka kwa nguvu. Heshima hiyo ndiyo iliyomfanya Suhayl abishanie hata maneno ya hati. Alikataa Bismillahi kama Waislamu walivyoizoea, na akakataa Muhammad aandikwe kuwa ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Alitaka jina lake na la baba yake tu. Sayyidna Ali (r.a.), aliyekuwa mwandishi, hakuridhia kulifuta neno hilo kwa mkono wake, na Mtume akalifuta mwenyewe.

Kwa Sayyidna Umar (r.a.) amani isiyokuwa na haki ilikuwa unyonge. Alimwendea Mtume akamuuliza kwa nini wakubali kudhalilishwa ilhali wao wako kwenye haki, kisha akamwendea Abu Bakr (r.a.) na maswali yale yale.

Sasa tufike kwa Abu Jandal. Vitabu vyetu vingi vya madrasa humpitia kwa mstari mmoja na kukimbilia ushindi, na sisi tunaona hiyo si haki. Alikuwa mtoto wa huyo huyo Suhayl. Alisilimu, na kwa ajili hiyo akafungwa Makka. Mkataba ukiwa bado unaandikwa, alitokea kambini akijikokota na minyororo yake, akajitupa mbele ya Waislamu. Baba yake akasema huyu ndiye wa kwanza wa kurudishwa. Mtume alimwomba Suhayl amwachie huyu mmoja tu. Suhayl akakataa. Abu Jandal akapaza sauti kuwauliza Waislamu vipi wanamrudisha kwa watu wanaomtesa, na Mtume akamwambia asubiri, Mwenyezi Mungu atamfungulia njia. Akarudishwa na minyororo yake.

Masahaba waliyaona hayo kwa macho yao. Walipoamrishwa wachinje na wanyoe, hakuinuka mtu. Bi Umm Salama (r.a.) ndiye aliyemshauri Mtume atoke asiseme na yeyote, achinje wake na amwite kinyozi wake. Alipofanya hivyo, wote wakainuka.

Njiani kurudi Madina iliteremka Sura ya Al-Fat-h, nayo ikaliita jambo hili ushindi. Sayyidna Umar aliuliza kama kweli huo ni ushindi, akajibiwa kuwa ndiyo. Ushindi wenyewe ulikuja polepole. Vita viliposimama, watu walianza kukutana bila ya hofu, wakazungumza, wakasikilizana. Hudaybiya walikuwa 1,400. Mwaka wa 8 wa Hijra (630), Mtume alipoingia Makka baada ya Banu Bakr, waliokuwa upande wa Makuraishi, kuwashambulia Khuzaa na kuuvunja mkataba, alikuwa na watu wapatao 10,000. Suhayl naye alisilimu.

Lakini kabla ya siku hiyo, lile sharti la mwisho lilikwisha kuwageukia waliolitaka. Abu Basir alikimbia Makka akafika Madina, naye akakabidhiwa kwa watu wawili waliotumwa kumchukua. Njiani akamuua mmoja wao, kisha akaenda kukaa pwani, karibu na njia ya misafara ya Sham. Abu Jandal alipata habari, akatoroka tena, akamfuata. Wengine wa mfano wao wakawafuata. Hawakuwa chini ya Madina wala chini ya Makka, na hakuna msafara wa Makuraishi uliopita kwa usalama. Mwishowe Makuraishi wenyewe walituma watu kumsihi Mtume awachukue watu hao kwake, na atakayemwendea asirudishwe tena.

Kwa hiyo wanafunzi wa madarasa ya juu tunawaachia swali hili, mlijibu kwa kurasa mbili kabla ya likizo: siku ile Hudaybiya, lau angekuja mtu kambini akamuuliza Abu Jandal kama pana amani, angemjibu nini, na Suhayl aliyekuwa amemshika angejibu nini?