Mjitoleaji Anapofika Lufingo: Wiki ya Kwanza ni ya Mwenyeji

Makanisa ya Rungwe yamezoea kupokea wageni. Wamisionari wa Kimoraviani walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891 wakitokea Ujerumani, wale wa Kilutheri kutoka Berlin wakaingia nchi hiihii ya Wanyakyusa mwaka huohuo, na tangu hapo mlango haujafungwa. Kilichobadilika ni mgeni mwenyewe. Zamani alikuwa mchungaji, muuguzi au fundi aliyekuja kukaa miaka. Siku hizi mara nyingi ni kijana aliyemaliza shule juzi, ametumwa na kanisa au shirika la kwao kwa wiki kadhaa, miezi au mwaka, na kazi anayoiomba ni kuwa na watoto: shule ya Jumapili, chekechea, makao ya watoto, michezo ya jioni.

Makala haya ni ya wanaompokea katika kata ya Lufingo na kata jirani: wazee wa kanisa, mama wa nyumba atakayolala, walimu, na wazazi ambao watoto wao watacheza naye. Mgeni amekwisha kufundwa kwao kabla ya kupanda ndege. Mwenyeji ndiye anayeachwa bila maelekezo, na wajibu wa kwanza kwa mtoto uko kwake.

Nalisema mapema ninaloliamini: katika siku saba za kwanza mjitoleaji asikabidhiwe watoto hata kwa nusu saa. Awe nao, aimbe nao, apige nao mpira, lakini pawepo mtu mzima ambaye watoto wanamfahamu. Desturi yetu humpa mgeni siku mbili, kisha jembe. Kwa shamba la viazi inatosha. Kwa watoto haitoshi.

Kabla hajaanza safari

Kanisa liombe kwanza cheti cha polisi cha nchi anakotoka, kinachoonyesha kama ana rekodi ya makosa ya jinai. Wenyeji wengi huona haya kukiomba, wakihofu kumvunjia heshima mtu anayekuja kwa gharama zake. Haya hiyo haina msingi. Ujerumani, anayefanya kazi na watoto hutakiwa kuonyesha cheti maalumu cha rekodi ya jinai. Uingereza nayo ina utaratibu wake wa ukaguzi. Mgeni anayetoka huko anajua kabisa kwamba kwao asingeingia darasani bila karatasi hiyo. Mtoto wa Lufingo anastahili ulinzi uleule.

Anayedhani hofu hii imetiwa chumvi aangalie majirani zetu Kenya. Mwaka 2016 mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimhukumu kifungo cha miaka 40 kijana aliyekuwa amejitolea katika makao ya watoto jijini Nairobi, kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto wa makao hayo. Mwaka 2021 mahakama ya Pennsylvania ilimfunga miaka 15 na miezi 8 Mmarekani mwingine, aliyekwenda kaunti ya Bomet akijiita mmisionari na kufungua makao ya yatima mwaka 2008. Huyu wa pili alikuwa na hatia ya shambulio la kingono kwao tangu mwaka 1996. Karatasi moja ingetosha kumzuia, kama kuna mtu angeiomba na kuisoma. Wageni wengi sana huja kwa moyo safi, na kwa sababu hiyohiyo huwa hawakatai kukaguliwa. Akikataa, mmepata jibu.

Suala la pili ni uhamiaji. Viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi nchini, hata kazi isiyo na mshahara. Wajitoleaji, wamisionari, wanafunzi na watafiti wanahusika na kibali cha ukaazi daraja C, na maombi yake yaanze mapema kwa kuwa kanisa mwenyeji nalo lina nyaraka za kutoa. Kwa ujio wa muda mfupi, ulizeni ofisi ya uhamiaji kabla mgeni hajakata tiketi. Msikubali ushauri wa kumwingiza kama mtalii eti atasaidia kimyakimya. Siku akikamatwa, aibu ni ya kanisa, na watoto waliokwisha kumzoea wanamwona akiondoka ghafla bila kuaga.

Ombeni pia barua ya kanisa lake yenye jina na simu ya mtu atakayepokea hata usiku wa manane, pamoja na uthibitisho wa bima ya matibabu. Kama atasaidia shuleni, barua yenu ipitie ofisi ya elimu ya halmashauri; msimwachie mwalimu mkuu mzigo huo peke yake.

Siku anayofika

Wengi hushukia uwanja wa ndege wa Songwe, kisha gari hupita Uyole, Isyonje na Kiwira hadi Tukuyu. Mwambieni mapema alete sweta, koti la mvua na viatu vya kuhimili matope. Wageni hufika na nguo za ufukweni wakidhani Tanzania yote ni joto, wakakutana na ukungu na baridi ya Julai ya Rungwe, ambako mvua haikai mbali mwezi wowote.

Siku hiyo pasiwe na sherehe. Watoto watajaa uani, hilo halizuiliki. Wamsalimie, wamwone, warudi makwao. Mgeni ale ndizi na maharage, aoge maji ya moto, alale.

Chumba chake ni jambo zito kuliko chakula. Kiwe cha peke yake, kifungwe kwa ufunguo, na mtoto asiingie humo kwa sababu yoyote: hata mtoto wa nyumba hiyo, hata kupeleka ndoo ya maji. Maji yawekwe bafuni na mtu mzima. Yule kijana aliyejitolea Nairobi, katika safari yake ya mwisho, aliomba alale ndani ya makao pamoja na watoto badala ya nyumba ya wenyeji wake, akakubaliwa. Ombi la namna hiyo likataliwe hata likitoka kwa mtu mnayempenda. Mama mwenyeji akiwa na binti au mjukuu aliyezoea kulala chumba hicho, ni afadhali mgeni apangiwe nyumba nyingine kuliko kuwabananisha.

Siku ya pili apelekwe kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji akiwa na pasipoti na barua. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya naye apewe taarifa kwamba kuna mgeni atakayekuwa karibu na watoto. Viongozi wakimfahamu, mzazi mwenye dukuduku anajua pa kulipeleka.

Jumapili ya kwanza

Hapa ndipo mambo mengi huharibika, tena kwa nia njema. Mgeni anasimamishwa mbele ya ushirika, kwaya inaimba, mchungaji anamkaribisha aseme neno. Moyo umemjaa, anaahidi madawati, anaahidi bati, anaahidi kuwasomesha watano. Hana fedha hizo, ana wazazi wenye fedha kiasi. Miaka mitatu baadaye bado kuna bibi anayeuliza lini ada itakuja.

Mzee wa kanisa amketishe Jumamosi jioni na kumweleza waziwazi: kesho utataja jina lako, kanisa lako na salamu zao, basi. Ahadi yoyote ya fedha au vifaa izungumzwe na baraza la wazee, kwa maandishi. Amweleze pia kuhusu mnada wa sadaka baada ya ibada, ambako mkungu wa ndizi au jogoo hupandishwa bei kwa furaha. Mgeni asigeuzwe mlengwa wa mnada. Akinunua kuku mmoja kwa bei ya kawaida, amefanya kama muumini mwingine.

Mbele ya watoto

Kazi bora ya siku za mwanzo ni kuwaacha watoto wamfundishe. Wamfundishe shikamoo na nani huamkiwa hivyo, wamfundishe ugonile na ndaga fijo za Kinyakyusa, wamcheke akikosea, wamwelekeze jina la kila mmoja. Mtoto anayemfundisha mtu mzima anasimama wima. Mtoto anayepangwa mstari kupokea pipi anajifunza kitu kingine kabisa, na wazazi wa Rungwe, waliolea watoto wao kwa chai, maziwa na jasho, hawakuwafunza kuomba.

Kwa hiyo pipi, fedha na zawadi zisitolewe mkononi mwa mtoto. Mgeni akiwa na mpira, kalamu au nguo, amkabidhi mwalimu au kiongozi wa shule ya Jumapili, wao wagawe wanavyojua. Wanawajua wenye shida na wenye soni.

Watu wazima wawe wawili kila mahali palipo na watoto, na shughuli zifanyike uwanjani au katika chumba chenye mlango wazi. Wadogo watamrukia mgeni, watashika nywele zake, watataka kubebwa. Mkono uliokuja wenyewe asiuondoe kwa ukali, ila asianze yeye kumbeba wala kumpakata mtoto wa mtu. Kuwaogesha, kuwapeleka chooni na kuwabadilisha nguo ni kazi ya walezi wao, katika wiki ya kwanza na hata baada ya hapo. Mtoto asitumwe kwa mgeni peke yake, wala mgeni asimsindikize mtoto mmoja nyumbani jioni.

Simu ibaki mfukoni wiki nzima. Baadaye, picha ipigwe kwa ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, mtoto akiwa na nguo kamili, bila jina wala kijiji. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtoto ni sehemu ya taarifa zake. Picha ya mwanao akiwa na kamasi, iliyowekwa mtandaoni kuchangisha fedha ughaibuni, itakuwepo atakapokuwa anaomba kazi. Hakuna mzazi angeikubali kama angeulizwa.

Mwambieni pia kuhusu viboko kabla hajaviona. Kanuni za elimu bado zinaruhusu adhabu hiyo shuleni kwa mipaka, na mgeni asiyejua anaweza kumvaa mwalimu mbele ya darasa zima. Aelezwe apeleke malalamiko yake kwa msimamizi wake. Lakini nyinyi nanyi hakikisheni kwamba katika shule ya Jumapili na makao ya kanisa fimbo haipo kabisa. Hilo liko ndani ya uwezo wenu.

Kisha watoto waambiwe siku ileile ya kwanza ataondoka lini, kwa kitu wanachokielewa: kabla ya Krismasi, baada ya mitihani. Wapo kati yao waliokwisha kufiwa na wazazi. Mkoa wetu wa Mbeya uliumizwa sana na Ukimwi, na bibi na shangazi ndio walioshika malezi. Mtoto wa namna hiyo humshika haraka kila anayemchekea, na kila anayepotea bila kuaga anamrudishia kidonda.

Bibi hao nao mgeni awatembelee wiki ya kwanza, akiongozana na mzee wa kanisa, ili aone kwamba mtoto aliyefiwa si lazima aondoke kwenye ukoo. Wajitoleaji wengi huja na ndoto ya kufungua makao. Makao ya watoto nchini yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi ziweke malezi ya familia mbele ya taasisi. Sare, daftari, bima ya afya na gunia la mahindi nyumbani kwa bibi hufanya kazi kubwa kuliko jengo jipya lenye vitanda 20.

Mgeni akinyamaza au akiugua

Siku ya tatu au ya nne atajifungia chumbani, pengine atalia. Kwetu anayekaa peke yake huonekana mgonjwa au amekasirika, tukamjazia watu. Mwacheni saa moja, mpeni chai. Homa, hata hivyo, isisubiriwe: apimwe malaria siku hiyohiyo, hasa kama ameteremka Kyela, ambako malaria ni nyingi kuliko huku juu. Hospitali ya wilaya ya Makandana iko Tukuyu.

Likitokea jambo

Mtoto akisema kitu kinachotia shaka kuhusu mgeni, au kuhusu mwenyeji, msimuulize maswali mengi wala msimwite mtuhumiwa mkabiliane. Andikeni maneno yake alivyoyasema, mtengeni mhusika na watoto, toeni taarifa. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haina malipo. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ofisi ya ustawi wa jamii ndizo zinazoshughulikia. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za haki ya mtoto kuvunjwa azipeleke serikali ya mtaa wake. Suala kama hili halimalizwi kikanisa, wala kwa sala na kusameheana ofisini kwa mchungaji, hata kama shirika la wafadhili litaudhika na misaada ikakatika.

Siku ya saba, baraza la wazee likae na mama mwenyeji na walezi, mgeni akiwa nje kwanza. Kila mlezi aulizwe ameona nini. Watoto wakubwa nao waulizwe na mtu wanayemwamini. Kisha mgeni aitwe, aeleze amejifunza nini na ni kazi gani anaiweza. Wengine watakuwa tayari kusaidia shule ya Jumapili chini ya mwalimu. Mlezi hata mmoja akiwa na wasiwasi, mgeni apewe kazi za watu wazima, iwe bustani, ofisi ya ushirika, ukarabati au kwaya, na suala la watoto liangaliwe upya mwisho wa mwezi.