Somo la Kikundi: Tangazo Baya Redioni, Tulalamike Vipi?



Mwaka jana mama mmoja wa kikundi chetu, mgonjwa wa kisukari, alisikia tangazo redioni. Lilisema kuna dawa ya mitishamba inayomaliza sukari kabisa kwa siku 14, na kwamba ukiianza huna haja ya kurudi kliniki. Mama akauza mbuzi wawili, akanunua chupa nne, akaacha sindano zake za insulini. Siku ya tisa tulimkimbiza hospitali kwa gari la kukodi, akiwa hajitambui. Tunamshukuru Mungu, alipona.

Tulikasirika sana. Lakini tulipokaa chini ya mwembe kuandika malalamiko, tukashindwa. Huyu anasema ni stesheni hii, yule anasema ni ile. Ilikuwa asubuhi au jioni? Hakuna aliyejua. Tukaandika tu kwamba "matangazo yenu ni mabaya", na hatukujibiwa. Kumbe wahenga walituambia zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Malalamiko nayo ni vivyo hivyo.

SHERIA INASEMA NINI?

Kulalamika si utovu wa adabu, ni haki. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda afya, usalama na mfuko wa mnunuzi. Kinataka pia Bunge litunge sheria ili matangazo ya biashara yawe ya haki, ya kweli na ya heshima.

Redio na televisheni zinasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kanuni zake zinataka kwamba kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, yanayopeperushwa yafae kusikilizwa na jamii nzima, watoto wakiwemo. Tena kuna sheria ya mwaka 2012 inayokataza kuwatangazia akina mama maziwa ya kopo ya watoto wachanga.

Lakini tuwe waangalifu. Tangazo ambalo wewe hulipendi si lazima liwe limevunja sheria. Jiulize: Je, linadanganya? Linahatarisha afya? Linatukana watu? Limetolewa saa ambayo watoto wanasikiliza, na haliwafai? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, una jambo la kuandika.

HATUA ZA KUFUATA

1. Andika papo hapo. Weka daftari na kalamu karibu na redio. Andika jina la stesheni, tarehe, saa, jina la bidhaa na maneno yenyewe yalivyosemwa. Kama simu yako inarekodi, rekodi.

2. Anza na stesheni yenyewe. Kila stesheni inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko. Peleka barua, na ubaki na nakala yake. Usiishie kwa simu tu, maana simu haiachi alama.

3. Usiporidhika, andikia Mamlaka ya Mawasiliano, Sanduku la Posta 14448, Nairobi 00800. Ambatisha nakala ya barua ya kwanza na jibu lake, kama lipo. Mamlaka ina ofisi pia Mombasa, Kisumu, Eldoret na Nyeri.

4. Jambo likihusu dawa, peleka nakala kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Likihusu udanganyifu wa bei au ubora wa bidhaa, peleka kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

BARUA IWEJE?

Iwe fupi, bila matusi. Yetu ya pili ilikuwa hivi:

"Sisi wanakikundi tunalalamikia tangazo la dawa ya kisukari lililotolewa na stesheni yenu Jumanne na Alhamisi wiki iliyopita, saa 1:20 asubuhi. Lilisema mgonjwa akianza dawa hii hana haja ya kliniki. Maneno haya ni ya hatari. Mwenzetu mmoja aliyafuata akalazwa hospitalini. Tunaomba tangazo lisimamishwe, na mtujibu kwa maandishi."

Tuliweka sahihi watu 23, na wasiojua kuandika wakaweka kidole gumba. Safari hii walijibu. Baada ya wiki tatu tangazo halikusikika tena katika stesheni hiyo. Pesa za mbuzi hazikurudi, hilo tuseme ukweli. Lakini kijiji cha pili kina wagonjwa wa sukari pia, na wao hawakupata nafasi ya kudanganywa na tangazo hilo.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akinung'unika nyumbani kwake, ni maneno yake na ukuta. Kikundi kikiandika tarehe, saa na maneno yaliyosemwa, ni vigumu kupuuzwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni tangazo gani limewahi kumfanya mtu wa hapa kwetu anunue kitu kikamdhuru?

2. Nani kati yetu atatunza daftari la redio mwezi huu?

3. Mgonjwa akisikia habari za dawa mpya redioni, amwulize nani kwanza kabla ya kuacha dawa zake?

Kabla ya kufunga mkutano, chagueni mtunza daftari. Kazi ianze kesho asubuhi.