Kuuliza kwa Kiingereza: Kiimbo Hakitoshi

Katika Kiswahili, kiimbo peke yake hugeuza habari kuwa swali. "Mutombo anakuja" ni habari. Ukipandisha sauti mwishoni, umeuliza, wala hakuna neno lililohama. Hapa Likasi wengi wetu hutanguliza "eske" ya Kifaransa, lakini maneno yanayofuata hayaguswi. Ndiyo sababu ya "You speak French?" zinazojaa katika madaftari yetu.

Kiingereza kinadai kitenzi kisaidizi kitangulie kiima: "She is ill" inakuwa "Is she ill?" Kisipokuwepo, tunaleta "do": "Do you speak French?" Na "do" ikishabeba wakati, kitenzi kikuu hubaki katika umbo lake la msingi: "Did he go?", kamwe si "Did he went?" Sharti hili si la tangu zamani. Enzi za Shakespeare (1564–1616) mtu aliweza bado kuuliza "Speak you French?", kama Kifaransa kinavyosema mpaka leo "Parlez-vous français?"

Kiulizi nacho huhamia mbele. Sisi husema "Umenunua nini?", na "nini" inakaa palepale itakapokaa sabuni katika jibu. Mwingereza husema "What did you buy?", "You bought what?" kwake ni mshangao. Angalieni "who" kwa makini:

"Who called Mutombo?" – Nani alimwita Mutombo?
"Who did Mutombo call?" – Mutombo alimwita nani?

Katika swali la kwanza "who" ndiyo kiima, kwa hiyo "do" haihitajiki. Ukikosea hapa, umebadili mwitaji na mwitwaji.

Kwa maoni yangu, sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni swali la ukanushi, ambalo kwa kawaida tunalipitia mbio. Chukueni mpaka wa Kasumbalesa. Ofisa wa upande wa Zambia, ambako Kiingereza ndicho lugha rasmi, anauliza: "Don't you have a passport?" Msafiri hana. Akiwaza kwa Kiswahili ("Huna pasipoti?" "Ndiyo, sina"), atajibu "Yes", na ofisa atanyosha mkono kuipokea. "Ndiyo" yetu hukubaliana na maneno ya muulizaji; "yes" hufuata kitenzi cha jibu lenyewe. "Yes" huenda na "I do", "no" na "I don't", hata swali liwe la namna gani. Hapa, kwa mara moja, Kifaransa kinatusaidia kuliko Kiswahili: asiye nayo hujibu "non", aliye nayo "si". Kiingereza hakina "si" hiyo. "Yes" inafanya kazi ya "oui" na ya "si" pia.

Zoezi: mwalimu hakuja jana. Mwenzako anauliza, "Didn't the teacher come?" Jibu kwa sentensi nzima, kisha ujibu tena ukidhani kwamba alikuja.